Charlie Christian hakutoka kwa usiku mmoja

Mazoezi yalikuwa yamekwisha. Mpiga dramu alishaanza kufungua matoazi yake, mimi nakunja waya wa gitaa, pale kijana wetu wa solo aliponigeukia na kusema: "Kaka, Charlie Christian alitoka usiku mmoja tu. Na mimi nasubiri wa kwangu."

Hadithi hiyo ya Charlie Christian, mpiga gitaa la jazi wa Marekani, alikuwa ameiona kwenye simu. Ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye sikio zuri na vidole vyepesi, na muda mrefu sasa anapiga deiwaka kwenye bendi za watu, leo Kinondoni, kesho Mbagala, kwa posho ambayo nusu yake huishia kwenye nauli. Aliyasema maneno yale kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja tarehe ya mshahara.

Sikumjibu. Tulibeba vyombo tukaondoka.

Lakini kauli ile haikuondoka. Kwa wiki kadhaa imekuwa ikinirudia, kazini, njiani, na hasa usiku ninapozisikiliza tena rekodi zile ninazozipenda kuliko zote. Inanisumbua kwa sababu hadithi aliyoisikia ni ya kweli. Usiku ule ulikuwepo, tarehe yake inajulikana, na waliokuwepo wanajulikana. Ila ukisimuliwa peke yake, unamfundisha kijana kusubiri kitu ambacho Charlie Christian mwenyewe hakuwa anakisubiri.

## Usiku wenyewe

Los Angeles, tarehe 16 Agosti 1939. Prodyuza John Hammond amemleta kwa Benny Goodman kijana mweusi wa miaka 23 kutoka Oklahoma City, anayepiga gitaa la umeme. Goodman ndiye mpiga klarineti mwenye jina kubwa Marekani nzima wakati huo. Mchana yuko studio, ana shughuli zake, na kijana anapewa nafasi ndogo mno ya kusikika.

Jioni bendi ya Goodman inapiga kwenye mgahawa wa Victor Hugo, Beverly Hills. Wanamuziki wanapokwenda kula, Hammond na mpiga besi Artie Bernstein wanampitisha kijana jikoni, yeye na ampilifaya yake, mpaka jukwaani. Goodman anarudi na kumkuta ameshakaa. Kumtoa mbele ya wateja haiwezekani. Basi anaita wimbo wa "Rose Room", akidhani mgeni hataujua.

Mgeni aliujua.

Wimbo mmoja ukaenda kwa takriban dakika 45. Kila Goodman alipompa mzunguko mwingine wa wimbo apige solo, Christian alirudi na jambo jipya, na ukumbi ukapagawa. Kabla usiku haujaisha, alikuwa na kazi.

Simulizi hii imetufikia kwa sehemu kubwa kupitia Hammond, na ndani yake ni Hammond anayefungua mlango wa jikoni. Sina sababu ya kumpinga. Ninachouliza ni kile ambacho simulizi inakipita haraka: kijana wa Oklahoma aliujulia wapi wimbo ule, tena kwa kiasi cha kuupiga robo tatu ya saa bila kujirudia?

## Mtaa wa Deep Deuce

Charles Henry Christian alizaliwa Bonham, Texas, tarehe 29 Julai 1916, na familia ikahamia Oklahoma City angali mdogo sana. Baba yake alikuwa mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona. Akawafundisha wanawe watatu muziki, na kwa pamoja wakawa wanazunguka kwenye mitaa ya watu wenye uwezo wakipiga na kupokea chochote walichopewa. Charlie, kitinda mimba, alianza kwa kucheza dansi mbele ya kaka zake. Gitaa lilikuja baadaye. Alipofika miaka 12 baba akafariki, na vyombo vya baba vikawa vyake.

Mwandishi Ralph Ellison alikulia mji huohuo na alisoma darasa moja na Edward, kaka mkubwa wa Charlie. Ameeleza jinsi Charlie alivyokuwa akitengeneza magitaa ya maboksi ya sigara kwenye darasa la ufundi, akayapigia darasani, na wenzake wakashindwa kusoma. Ellison anasisitiza kwamba alichokipiga kwenye boksi lile hakikuwa cha kitoto. Kilikuwa na mpangilio wa sauti ambao wapiga bluzi wengi wa barabarani hawakuwa nao.

Mtaa wao wa starehe uliitwa Deep Deuce, upande wa mashariki wa Second Street, mahali ambapo watu weusi wa mji ule uliogawanywa kwa rangi walikuwa na maduka yao, kumbi zao na bendi zao. Bendi ya Blue Devils ya Walter Page ilikuwa na maskani yake mji huo. Ellison anakumbuka kumwona Lester Young, mpiga saksafoni ya tena, mwaka 1929, chombo mdomoni, akipiga huku amekaa kwenye kiti cha kung'arishia viatu. Mtoto aliyekulia pale hakuhitaji kwenda mbali kutafuta walimu.

Na mmoja wa walimu hao ndiye ninayemfikiria zaidi.

Aliitwa Ralph Hamilton, mpiga gitaa, mtaani wakimwita "Bigfoot". Edward alikuwa na bendi na alimchukulia mdogo wake kama mtoto wa bluzi za barabarani tu. Hamilton akamchukua Charlie na kumfundisha kwa siri kupiga solo kwenye nyimbo tatu za jazi zilizokuwa zinapendwa wakati ule. Siku ilipofika wakampeleka kwenye moja ya yale makutano ya usiku wa manane, wanamuziki wanapokutana baada ya kazi na kupimana nguvu. Edward akaombwa ampe Charlie wimbo mmoja. Akakataa kwanza: nani anataka kusikia bluzi zile za zamani? Wakamsihi, akakubali.

Charlie akapiga. Wakataka tena, akapiga wa pili. Wakataka tena, akapiga wa tatu. Deep Deuce ikalipuka, naye akaweka gitaa chini na kwenda zake, kwa sababu hakuwa na wa nne. Inasemekana habari zilimfikia mama yake kabla ya yeye mwenyewe kufika nyumbani.

Nyimbo hizo tatu zilikuwa "Sweet Georgia Brown", "Tea for Two" na "Rose Room".

Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanisisimua. Goodman alipoita "Rose Room" kule Beverly Hills, alikuwa amemwita kijana nyumbani kwao.

## Aliyetaka saksafoni

Shule ya Douglass, iliyokuwa ya wanafunzi weusi, ilikuwa na mwalimu wa muziki aitwaye Zelia Breaux, mama aliyewalea wanamuziki wengi wa mji ule. Charlie alitaka kupiga saksafoni ya tena kwenye bendi ya shule. Mwalimu akamtaka ajaribu tarumbeta. Charlie, akihofia kwamba tarumbeta itamharibu mdomo, akaacha bendi na kwenda kucheza besiboli, mchezo aliouweza sana.

Hapa huwa nasimama. Kwa haraka tungesema mwalimu alimnyima nafasi. Mimi naona jambo jingine: saksafoni aliyoikosa hakuiacha. Aliibeba akilini na kuihamishia kwenye nyuzi sita. Msikilize popote, utasikia mtu anayewaza kwa pumzi. Sentensi zake ni ndefu, zinapanda na kushuka, zinavuka mahali ambapo mpiga gitaa mwingine angesimama, kisha zinatua.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatushangai kusikia gitaa la solo likiimba mbele ya bendi. Tumezoea solo, rithim na besi kila moja lina nafasi yake. Katika bendi kubwa za jazi za Marekani miaka ya 1930 haikuwa hivyo. Gitaa lilikaa nyuma kutunza mapigo. Tarumbeta nne na saksafoni nne zikiamka, gitaa la kawaida halisikiki hata likipigwa kwa nguvu kiasi gani. Kijana mwenye sentensi za saksafoni kichwani na gitaa la mbao mkononi alikuwa na maneno bila sauti.

Sauti ililetwa na umeme.

## Durham, na yule msichana wa Bismarck

Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilianza kuuza gitaa la ES-150. Namba hiyo ilitokana na bei: karibu dola 150, gitaa na ampilifaya yake pamoja. Chini ya nyuzi kulikuwa na sumaku na koili zinazonasa mtetemo wa chuma na kuupeleka kwenye spika. Kinasa kile leo mafundi duniani kote wanakiita kwa jina la Charlie Christian, ingawa hakukibuni yeye.

Eddie Durham, mpiga tromboni, mpiga gitaa na mpangaji wa muziki aliyefanya kazi na kiongozi wa bendi Count Basie, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi jazi kwa gitaa la umeme, mwaka 1938. Alipita Oklahoma City mwaka 1937 akakutana na Charlie. Kwa maelezo ya Durham mwenyewe, alimwelekeza apige nyuzi kwa kushusha mkono, ili kila noti itoke na uzito wa saksafoni. Sikiliza jinsi Christian anavyozigonga nyuzi kwenye rekodi yoyote, ushauri ule umo.

Kisha akaingia barabarani. Alipiga na bendi ya Alphonso Trent, akizunguka majimbo ya kaskazini, mbali kabisa na New York na Los Angeles, kwenye kumbi ambazo hakuna mwandishi wa jarida aliyefika.

Mwaka 1938 walikuwa Bismarck, North Dakota. Msichana wa miaka 17 aitwaye Mary Osborne, naye mpiga gitaa, akaenda kuwasikiliza. Akiwa anaingia alisikia kitu alichodhani ni saksafoni ya tena, sauti yake imebadilishwa kidogo na spika. Akatafuta kwa macho anayeipiga. Akamwona Charlie Christian ameinamia gitaa.

Akaenda kununua gitaa la aina hiyohiyo, na baadaye akawa mpiga gitaa wa jazi anayeheshimika New York.

Kwangu habari hii ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Ni mwaka mzima kabla ya Victor Hugo. Hammond hajamsikia. Goodman hajamjua. Hakuna santuri hata moja yenye sauti yake. Na tayari, kwenye mji mdogo wa baridi kali, mtu amemsikia na maisha yake yamegeuka.

Sasa niambie, Christian yule wa Bismarck alikuwa anasubiri kutoka? Alikuwa ameshafika kazini. Alikuwa anafanya, usiku baada ya usiku, jambo lilelile ambalo Beverly Hills ingelipigia makofi. Tunapoiita miaka ile "maandalizi" tunamdhulumu, na tunawadhulumu wote waliomsikia. Ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

## Shaka yangu

Hata hivyo sitaki kumdanganya kijana yeyote. Kuna upande wa hadithi hii unaoniuma na siwezi kuuruka.

Ralph Hamilton alijua zile nyimbo tatu kabla ya Charlie. Alizijua kiasi cha kumfundisha mwingine. Yuko wapi leo? Anatajwa kwa mstari mmoja kwenye maisha ya mtu mwingine, na sauti ya gitaa lake hatuna. Naye alikuwa Deep Deuce. Naye alikesha.

Kwa hiyo siwezi kusema ukiwa tayari mlango utafunguka. Wengi walikuwa tayari.

Mlango wa Charlie ulifunguliwa na maneno ya mwanamke mmoja. Mary Lou Williams, mpiga piano na mpangaji wa bendi ya Andy Kirk, alikuwa amemsikia Oklahoma City na akamwambia Hammond kuna kijana kule, kamsikilize. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamuziki mweusi anayehangaika na safari zisizoisha. Hakuwa na faida yoyote ya kumtaja. Alimtaja kwa sababu alichosikia kilimzidi. Hammond akasafiri, akamkuta Christian akipiga Ritz Café.

Ukiufuatilia usiku wa Victor Hugo kurudi nyuma, unakuta watu tu. Baba asiyeona anayeshika vidole vya mwanawe. Hamilton na somo lake la siri. Durham aliyekuwa anapita njia na hakumficha kijana alichokijua. Mary Lou Williams na ile sentensi yake. Bernstein, mwanabendi wa Goodman, akisaidia kubeba ampilifaya kupita jikoni huku bosi wake anakula. Ondoa mmoja, na "Rose Room" inapigwa usiku ule kwa dakika tatu kama siku zote, bila gitaa.

Bahati, ndiyo. Lakini bahati iliyokuja kwa mikono ya watu, na karibu wote walikuwa wanamuziki.

Ndiyo maana nahofia neno "nasubiri". Anayesubiri usiku wake humtazama kila mwenzake kama mshindani kwenye foleni. Naliona hilo kwenye bendi zetu: mtu anaficha mkao wa vidole, anageuza mgongo anapopiga kitu kipya ili wenzake wasikinase. Deep Deuce walipimana kwa ukali kweli, ila walipimana kwa kusikilizana.

## Dola 150 kwa wiki

Kutoka dola mbili na nusu kwa usiku, Christian alihamia kwenye dola 150 kwa wiki. Tarehe 2 Oktoba 1939 aliingia studio na kundi la watu sita la Goodman: Lionel Hampton kwenye vibrafoni, Fletcher Henderson kwenye piano, Bernstein kwenye besi na Nick Fatool kwenye dramu. Wakarekodi "Flying Home" na, bila shaka, "Rose Room". Desemba jarida la Down Beat likachapisha makala kwa jina lake ikiwataka wapiga gitaa waamke. Mkesha wa Krismasi alikuwa jukwaani Carnegie Hall.

Miezi minne.

Na humo humo ndani ya mafanikio, mapafu yake yalikuwa yanaliwa na kifua kikuu. Mwaka 1940 alilazwa, akarudi Oklahoma kupumzika, akarejea New York na kuendelea pale alipoachia. Usiku alipiga na Goodman. Akimaliza, alipanda Harlem kwenye klabu ya Minton's, West 118th Street, akapiga hadi alfajiri na mpiga piano Thelonious Monk na mpiga dramu Kenny Clarke, bila malipo ya maana, kwa kupenda tu. Mwanamuziki mgonjwa, mwenye mshahara mnono, anatafuta tena kile alichokuwa nacho Deep Deuce.

Juni 1941 alipelekwa hospitali ya Seaview, Staten Island. Alifariki tarehe 2 Machi 1942. Alikuwa na miaka 25.

Ukianza kuhesabu maisha yake ya muziki usiku wa Victor Hugo, hayafiki miaka miwili. Ukianza pale alipocheza dansi mbele ya gitaa la baba yake barabarani, yanavuka kumi kwa mbali. Hesabu ya kwanza ndiyo iliyomo kwenye video za simuni. Mimi nahesabu kwa ya pili, na nitaitetea popote.

## Mei 1941

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, Jerry Newman, alikuwa na mashine ya kubebeka ya kurekodia kwenye sahani, na alikuwa akienda nayo Minton's. Mei 1941, wiki chache kabla ya Christian kulazwa kwa mara ya mwisho, alimrekodi.

Nikitaka mtu amjue Christian, namwanzisha hapo. Rekodi za studio ni safi, lakini santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi, na yeye humo anapewa mzunguko mmoja au miwili. Kule Minton's hakuna anayemkatiza.

Kuna rekodi moja iliyotolewa baadaye kwa jina la "Swing to Bop". Newman hakuuwahi mwanzo. Sauti inapoingia, Christian ameshaanza solo, yuko katikati ya sentensi, na Clarke anamchokoza kwa nyuma na mapigo yasiyotabirika. Mzunguko baada ya mzunguko anaongeza. Kwenye daraja la wimbo, ile sehemu ya kati, anashuka kwa nusu sauti, noti zinapita juu ya mapigo na kutua upande usioutarajia, na unaanza kusikia muziki ambao miaka michache baadaye dunia ingeuita bibopu, jazi ya mtindo mpya.

Jina lile lilibandikwa tu na waliotoa santuri. Wimbo wenyewe, anaoupiga kwa kushusha mkono kama alivyoelekezwa, unaitwa "Topsy". Ni utunzi wa Edgar Battle na Eddie Durham.